Siku Nilipokataa Kukohoa

Harufu ya pamba iliyolowa inakaribia ya mbwa aliyenyeshewa. Wiki iliyopita niliinusa ikitoka kwa jirani hapa Bariadi, nikiwa nimesimama barazani pa nyumba yangu ya bati la rangi, niliyoijenga bila kumlilia mtu, na mara nikawa tena mtoto wa darasa la sita.

Diploma yangu ya ualimu imetundikwa sebuleni, na wageni nawakalisha mahali watakapoiona. Naringa, sikatai. Hata udogoni nilikuwa wa kwanza darasani, na kushika nafasi ya pili kwangu ulikuwa msiba.

Ijumaa moja mwalimu wa Kiingereza aliandika ubaoni neno "evasive", akasema ni mtu anayekwepa. Jumatatu kila mmoja alete sentensi kuhusu mtu wa nyumbani kwake, aeleze na alichokiona kwa macho yake. Sikuwaza mara mbili. Baba! Kwetu Usukumani mwanamume hakutani uso kwa uso na mama mkwe wake. Akimwona kwa mbali, anaacha njia. Sisi watoto tukiwa na bibi tulikohoa kwa nguvu kila penye kona, ili baba asikie apite kando.

Jumamosi nilimsindikiza bibi, mzaa mama, kisimani. Kwenye kona yenye minyaa nikasikia baiskeli ya baba ikilia kwi-kwi chini ya mzigo wa pamba. Nilipaswa kukohoa. Sikukohoa. Nilitaka kuona.

Walikutana ghafla, hatua tatu tu kati yao. Baba aliachia usukani, akajitupa kwenye minyaa. Baiskeli na gunia vikatumbukia dimbwini. Bibi akageuza mgongo, akajifunika kanga. Wakaanza kuzungumza kupitia kwangu, ingawa kila mmoja alimsikia mwenzake.

"Mwambie aliyeanguka, pole sana. Ameumia?"

"Mwambie mayu sijaumia. Mwambie mwadila," akaamkia baba kwa Kisukuma, mayu akimaanisha mama.

"Mwambie naye mwadila. Na pamba je?"

"Mwambie pamba ilikuwa na kiu."

Bibi alicheka mpaka ndoo ikamponyoka. Mimi sikucheka. Lile lilikuwa gunia letu la mwisho msimu ule, na pamba yenye tope mnunuzi haitazami mara mbili.

Jioni tukiianika mikekani, baba, mikono imejaa mikwaruzo, aliniuliza taratibu: "Ng'wanone, mwanangu, hukuniona?"

"Jua lilinipiga machoni, baba."

Hakuuliza tena.

Jumatatu nilisoma sentensi yangu: baba yangu ni "evasive". Nikapigiwa makofi, nikawekewa vema kubwa.

Nilipofika chuoni ndipo nilipojua, nami nawaambia ninyi tu, kwamba neno lile lina lawama ndani yake. Halimfai anayempisha mwenzake kwa heshima, mchana kweupe, kila mtu akijua. Linamfaa anayeulizwa jambo wazi, akalizunguka. Nyumbani kwetu mtu wa namna hiyo alikuwa mmoja, na ndiye aliyepewa vema.

Sijamweleza baba hadi leo. Pamba ile ilipokauka ikakubaliwa kwa daraja la chini, alirudi kutoka mnadani na kofia moja pana, akanivika kwa mikono yake.

"Vaa, ng'wanone. Jua lisije likakuharibia macho ya kusomea."