Kristali za Kumsikia Kaka

Kaka yangu alipokwenda ng'ambo kusomea uhandisi, aliniachia redio aliyoiunda kwa mikono yake. Aliahidi kwamba huko chuoni angepata leseni ya kurusha sauti, na jioni za Jumapili angezungumza hewani na rafiki yake wa Nairobi, aliyekuwa na leseni kama hiyo. Mimi sikuwa nayo. Kazi yangu ilikuwa kukaa Kisumu na kusikiliza tu, na kwa mtu mwenye mdomo kama wangu hiyo ilikuwa adhabu.

Ahadi aliitimiza. Shida ni kwamba redio ile haikujua kuchagua. Kaka akianza tu, Mwitaliano anaingia upande huu, Mrusi upande ule, na wote wanaongea pamoja kama kamati ya harusi. Nilikuwa nikisikia kicheko chake, kisha nampoteza. Barua zake zilikuwa zimeanza kuadimika, na Mama, aliyekuwa amehamia kwangu Mamboleo kutoka ufuoni mwa ziwa, alikuwa na swali moja asubuhi na jioni: atarudi lini? Swali hilo lilikuwa langu pia. Nilikuwa na hamu naye hadi nikawa naacha ukoko wa ugali kwenye sufuria, maana yeye ndiye aliyekuwa akiugombania.

Rafiki wa Nairobi aliniandikia dawa ya fujo hiyo: chujio. Kristali za kwazi, vijiwe vinavyotetemeka vikipewa umeme, zikiunganishwa kwa mstari hupitisha sauti moja na kuwafungia majirani nje. Lakini sharti zifanane. Kila kristali hutetemeka kwa kasi yake, na mbili zilizochapwa namba ileile zinaweza kupishana kidogo sana, na kidogo hicho ndicho kinachoharibu kazi. Akanitumia kwa basi mashine yake ya kuhesabia mitetemo, ikiwa imefungwa ndani ya blanketi.

Kristali zenyewe nilizipata Kondele kwa fundi wa televisheni. Kila televisheni ya rangi ina yake, na kwake zilizokufa zilikuwa zimerundikana hadi mlangoni.

"Madam, wewe unachukua roho tu," alinitania huku akinichomolea moja. "Sasa hii mwili yote mimi nitazika wapi?"

Nilipima Jumamosi nzima. Nachomeka kristali kwenye kisaketi cha kuitetemesha, nasoma namba, naiandika kwenye kipande cha plasta na kukibandika. Jioni nikawa na pacha zangu, nikazichomelea mahali pake kwa furaha. Redio ikawa nusu kiziwi, na Mwitaliano bado yumo. Jumapili ile hatukuambulia kitu.

Ilinichukua muda kuelewa. Nyumba yangu ni ya mabati. Asubuhi chumba kimepoa, saa nane mchana kinaoka, na kristali ikipata joto hubadili mtetemo wake. Nilikuwa nimezilinganisha za asubuhi na za mchana, tena zote nimezishika kwa vidole vyangu vyenye moto. Nami ni mwalimu wa fizikia mzima. Angekosea hivyo mwanafunzi wangu ningempa sufuri na kumwita mzazi.

Mzazi alikuwepo tayari. Aliniona nimezipanga kristali kwenye sahani kando ya mtungi wa maji, nikizigeuza kwa kibano cha nyusi.

"Nyara, binti yangu, hizo zinapoa ndiyo tukule?"

"Zinapoa ndiyo zifanane, Mama."

"Na mtoto wangu ako ndani ya gani?"

Nikamwambia yumo ndani ya zote. Nilizipima upya asubuhi moja kabla jua halijafika juu ya paa, na safari hii namba zilipokubaliana nilijua zimekubaliana kweli.

Jumapili iliyofuata tuliketi mezani, Mama amevaa nguo yake ya kanisani. Nikazungusha kitufe polepole. Kimya, kimya tena, kisha sauti moja tu, neno baada ya neno, bila jirani yeyote. Nililia bila aibu.

Lakini chujio langu lilikuwa jembamba kupita kiasi. Lilikuwa limewakata majirani, na unene wa sauti likaukata pia.

"Huyo si wuoda," Mama akasema.

"Ni mwanao, Mama. Ndiye."

"Mtoto wangu namjua. Huyo ni mzungu fulani."

Wakati huohuo kaka alikuwa akimwambia rafiki yake, kwa Kiingereza ambacho Mama hakukijua, kwamba amepata kazi hukohuko na amekwisha kutia saini. Mwaka huu harudi, na wa baadaye hajui. Kila neno lilinifikia safi, jinsi nilivyokuwa nimetaka. Nilitamani Mwitaliano arudi.

Sikubishana na Mama. Nilichukua kipande cha waya nikakiunganisha kulikwepa chujio, na kelele zote zikamwagika mezani kwa pamoja, Mrusi, Mwitaliano, miluzi, na katikati yao kaka yangu na sauti yake nzima ya kifuani. Mama akavuta kiti karibu.

"Ndiye," akasema. Akasikiliza kidogo. "Anasema anakuja lini?"

"Amesema haji, Mama. Amepata kazi huko."

Hakunitazama. Aliweka kiganja juu ya redio na kuiinamishia sikio.

"Haya," akasema. "Sasa nyamaza, nimsikie."