Uvimbe Usiouma

Mume wangu ni fundi wa matairi. Kazi yake kuziba pancha na kujaza upepo, ndiyo maana watu wote wanamwita Upepo, hata mama yake mzazi. Pale bandani kwake hana mzaha na kitu kimoja: tairi lililovimba ubavuni. Mteja akileta tairi la namna hiyo hakuna majadiliano. "Nyuzi za ndani zimekatika, bwana. Tupa hilo kabla halijakupasukia." Mteja akianza kulalamika kwamba mbona linatembea vizuri, Upepo anamgeuzia mgongo na kuendelea na kazi yake.

Sasa mtu huyo huyo ndiye aliyekuja kuvimba.

Alikwenda zahanati kusafishwa kidonda cha pajani, alikokwaruzwa na ringi. Wakati anasafishwa akakohoa, na muuguzi akaona kitu cha ukubwa wa limau kimejitokeza kinenani. "Baba, ngiri hii unayo tangu lini?" Hakuwa na habari. Haikuwahi kumuuma. Wakamtuma hospitali kubwa kwa daktari wa upasuaji, nami nikamsindikiza, maana mume wangu akiingia kwa daktari masikio huyaacha mlangoni.

Daktari alikuwa mwanamke, mdogo kuliko binti yetu. Akamlaza, akamsimamisha, akamkohoza, akabonyeza.

"Inauma?"

"Hapana."

"Ukilala inarudi ndani?"

"Inarudi yenyewe."

Akatueleza kwamba ukuta wa tumbo umelegea mahali, na utumbo unachungulia hapo. Ngiri isiyouma kama hii si lazima ikatwe. Mara chache utumbo hunaswa, na hapo ni kukimbilia hospitali. Lakini kisu nacho kina madhara yake, wapo wanaobaki na maumivu ambayo hawakuwa nayo. Halafu wapo wengi wanaosubiri, mwishowe inawasumbua, wanarudi wenyewe. "Kwa hiyo tunaweza kuipasua, au tukaiangalia kwanza. Wewe mwenyewe unaonaje, baba?"

Upepo alimkodolea macho. "Daktari, mimi mteja akiniletea tairi limevimba, simuulizi anaonaje."

"Tumbo si tairi, baba."

"Basi ni nini?"

Labda alijibu, labda sisi hatukuelewa. Tulirudi nyumbani vichwa vinatuzunguka. Mimi nilizoea kwamba mtu ama anaumwa ama haumwi. Asubuhi nilitaka akatwe yaishe, mchana nikamwonea huruma, jioni nikamkasirikia daktari kwa kututwisha mzigo ambao yeye ndiye aliyeusomea.

Baada ya hapo mtu wangu akaanza kutembea kama aliyemeza ufagio. Hacheki, kikohozi anakimeza. Mjukuu wetu, ambaye kila babu akirudi kazini lazima arushwe juu, alinyoosha mikono akaambiwa babu amechoka. Nilipombana aseme kama inamuuma, akakiri kwamba inawaka moto. Tukarudi hospitali.

"Inauma?" daktari akauliza tena.

"Inauma sana."

Akashika kalamu apange siku ya upasuaji, lakini kwanza akataka kumpima. Upepo akasitasita kuvua shati na suruali. Alipovua, nikaona mambo. Alikuwa amejifunga kiunoni tyubu ya tairi la lori, ameizungusha mpaka kinenani, na juu ya ngiri amebandika kiraka. Kimekatwa duara safi, kingo zimesuguliwa, kazi nzuri kabisa. Chini ya mpira ngozi ilikuwa imechubuka, nyekundu.

"Nani amekufunga hivi?"

"Nimeziba mwenyewe."

Nilicheka mpaka machozi. Kisha nikamwona uso, kicheko kikakatika. Mume wangu alikuwa anaogopa. Siku zote hizo aliamini kwamba ipo siku atainua gurudumu na kupasuka mbele ya wateja, na hakuniambia.

"Sasa baba, kinachouma ni ngiri au ni huu mpira?"

"Sijui," akasema. Neno hilo sijawahi kulisikia kinywani mwake tangu anioe.

Daktari akaweka kalamu chini, akaukata mpira kwa mkasi. Akasema ngiri haipasuki kama tairi. Aishi kama zamani, abebe anachozoea kubeba. Ikiwa ngumu, ikikataa kurudi, ikiuma ghafla au akitapika, aje saa hiyo hiyo. Ikimsumbua bila mpira, wataikata.

Mlangoni Upepo akageuka. "Kwa hiyo mimi ni mgonjwa au si mgonjwa?"

"Una ngiri, baba," daktari akasema, na kumwita mwingine.

Tulipofika nyumbani mjukuu akatoka mbio, mikono juu. Upepo akasimama. Hakumtazama mtoto, alinitazama mimi, vile wateja wanavyomtazama yeye bandani.

"Nimbebe?"

Mtoto akaruka ruka, akamvuta suruali. Upepo akainama, akamshika kwapani, akamrusha. Nikajikuta nimenyoosha mikono yote miwili, na mpaka leo sijui nilitaka kumdaka mtoto au kumdaka mume wangu.