Mbuzi Akilia Hasemi "Mbuzi"

Mwanangu, ziko siku ambazo mtu huzikumbuka kwa macho, na ziko anazozikumbuka kwa masikio. Hii ninayokusimulia imebaki masikioni mwangu: wanaume wanacheka kibarazani kwa kaka yangu, na katikati yao yuko mtoto mdogo aliyenyamaza.

Nilikuwa msichana, nimemaliza shule ya msingi, nikiishi Newala mjini kwa kaka yangu Hamisi na mkewe. Kaka alikuwa fundi baiskeli. Anayeijua Newala anajua kwamba kazi hiyo haikosi wateja. Maji yako mbali, na baiskeli ndizo zinazoyaleta, madumu yakining'inia pande mbili za keria. Tyubu zilipasuka kila siku. Wateja walikaa kwenye benchi wakingoja viraka vishike, na mtu anayengoja hutafuta la kumchekesha.

Somoe, binti wa kaka, alikuwa hajatimiza miaka minne. Kaka hakuwa na elimu kubwa, lakini aliapa kwamba mwanawe hatafika darasa la kwanza akizishangaa herufi. Akamfundisha kama yeye alivyofundishwa: a, be, che, de. Mtoto alikuwa mwepesi. Aliziimba zote mpaka ze, na wateja wakampa karanga. Kaka alitembea kifua mbele.

Asubuhi moja akachukua chaki ya kuwekea alama kwenye tyubu, akaandika *baba* mlangoni, kubwa, mbele ya benchi zima.

"Hii?" akauliza.

"Be!"

"Na hii?"

"A!"

"Hii nyingine?"

"Be!"

"Ya mwisho?"

"A!"

"Haya, mama, ziunganishe. Tuambie huyo ni nani."

Somoe akavuta pumzi, akajibu kwa sauti ya mtu asiye na shaka: "Beabea!"

Benchi likalipuka. Athumani, muuza maji, alishika mbavu. "Fundi, hongera! Umepewa jina jipya na hatujala hata pilau. Mzee Beabea!"

Kaka naye alicheka. Simlaumu sana, kwa sababu kicheko cha benchi huambukiza kama miayo. Lakini mimi nilikuwa nimesimama upande wa mtoto, nikamwona anavyotazama uso mmoja baada ya mwingine akitafuta kosa lake, asilione.

Jina lile lilishika kuliko kiraka. "Beabea, pancha yangu tayari?" "Beabea, nipunguzie bei." Wahenga walisema mzaha mzaha, hutumbuka usaha. Usaha wenyewe ulitoka mahali ambapo hakuna aliyetazamia.

Wifi yangu akiivisha chakula humwambia mtoto, "Nenda kamwite baba." Zamani Somoe alikuwa akiita akiwa bado mlangoni, mtaa mzima ukasikia. Sasa alikwenda kimya, akavuta shati la kaka, akaonyesha jikoni kwa kidole. Nilidhani ni mchezo wa kitoto. Nikaanza kumfuatilia, na nikaona kwamba aliongea kila kitu kama kawaida isipokuwa neno hilo moja. Akihitaji kumtaja baba yake alisema "yule wa baiskeli." Na chaki akiiona tu, alikimbilia nyuma ya nyumba.

Nilimweleza kaka. Kwanza alibisha, kisha akajaribu mwenyewe. Alimnunulia andazi, akaliinua juu. "Sema baba, nikupe."

Somoe alilitazama lile andazi, akafumba midomo, akaondoka.

Sijapata kumwona kaka yangu amevunjika namna ile, hata tulipomzika mzee wetu. Mwanaume alikaa na andazi mkononi kama mtu aliyepewa cha kushika na mwenye nacho akasahau kukichukua. "Neno lenyewe, mdogo wangu," akaniambia, "alilijua kabla hajaota meno. Leo nimemnyang'anya kwa chaki."

Siku zile alikuwapo jirani yetu, Mwalimu Agnesi, mama wa Kianglikana aliyefundisha darasa la kwanza miaka mingi huko Masasi vijijini, kisha akastaafu akaja kukaa karibu na wanawe. Siku moja alileta baiskeli ya mjukuu wake. Tulimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, na kabla hajakaa Athumani akapita na madumu yake akipiga kelele, "Beabea!" Mwalimu akauliza maana yake. Benchi likamsimulia, kila mtu akiongeza chumvi yake, wakangoja acheke.

Hakucheka. Aliyatazama maandishi mlangoni, yalikuwa yamefifia kidogo.

"Baba Somoe, herufi hiyo ya kwanza ulimwambia inaitwaje?"

"Be, Mwalimu."

"Na ya pili?"

"A."

"Be, a, be, a. Sasa niambie, mtoto amesema kitu gani ambacho hukumfundisha?"

Kaka akazihesabu herufi mlangoni kwa kidole.

"Amesoma sawasawa," Mwalimu akasema, "kuliko nyinyi mliomcheka. Herufi ina jina na ina sauti. Mbuzi jina lake ni mbuzi, lakini akilia hasemi 'mbuzi', anasema mee. Wewe umempa mtoto majina matupu, kisha ukamtaka asikie kilio. Na alipojitahidi, mkamgeuza ngoma ya kuchezea."

Akaligeukia benchi. "Na hilo jina life leo. Watu wazima na ndevu zenu!"

"Tumekoma, Mwalimu," Athumani akasema, madumu yamemlemea. "Lakini fundi naye apunguze bei."

"Wewe pita na maji yako."

Kaka akauliza afanye nini sasa. Mwalimu akamwambia afute mlango, aifiche chaki, na mtoto asiulizwe neno hata moja mpaka masikio yake yapone. Aanze na sauti ambazo kinywa kinaweza kuzivuta: a, o, e, halafu m, ambayo kila mtoto huisema akionja kitu kitamu, na s. "B iache mpaka mwisho," akasema, "hiyo haivutiki, hupasuka mara moja ikaisha. Ukiikokota utaishia tena kwenye *be*."

Mwanangu, dawa ikatoka palepale kazini. Kaka alikuwa akiizamisha tyubu kwenye beseni (maji ya kufulia ya jana, huko kwetu maji hayamwagwi kabla hayajachoka) akitafuta tundu. Somoe alipenda kutazama mapovu. Siku hiyo kaka akaitoa tyubu majini, akaisogeza kwenye sikio la mtoto.

"Inasemaje?"

Somoe akasikiliza. "Sssss."

"Nani mwingine anaanza hivyo hivyo? Sss... sss..."

Akawaza, macho juu. Kisha akajipiga kifua. "Sssomoe! Mimi! Pancha inaniita!"

Hakuna aliyecheka kwenye benchi, ingawa nilimwona Athumani akiuma mdomo. Tangu hapo kila pancha ya Newala ilikuwa ya Somoe. Akachora mwenyewe mavumbini s iliyojikunja kama tyubu iliyoisha upepo. Ikaja o, mviringo wa gurudumu. M aliipata kwenye bibo, maana ilikuwa msimu wa korosho. Aling'ata, juisi ikamtiririka mpaka kwenye kiwiko, akasema mmmm, na mimi nikamwandikia chini alichokisema. Akazivuta zote pamoja: sss-o, mmm-o, e. Alipogundua kwamba amelisoma jina lake alikimbia kuzunguka nyumba.

Alikuwa na lake pia, alisema "lula" badala ya rula. Sisi wa huku, wengi wetu, l na r hupishana mdomoni. Mwalimu alipopita kututazama hakumkemea. Alijibu tu, "Ndiyo, rula hiyo, nipe," na kuendelea. Haba na haba hujaza kibaba.

Bado kaka hakuthubutu kuigusa b. Ilikuja yenyewe. Mteja mmoja alijaza upepo kupita kiasi, tyubu ikapasuka, sote tukaruka. Somoe akafumba midomo, akaipasua kama alivyosikia: "B! B! Ba!" Akaichezea jioni nzima. Kesho yake kaka alikuwa ameinamia mnyororo, mgongo umeelekea mlango. Mtoto akanyanyua kijiti, akaniomba nimwandikie "ile ya kupasuka" na a. Nikaandika *ba*. Akaniambia, "Tena." Nikaandika tena pembeni yake.

Akazitazama. "Ba," akasema. "Ba." Nikajua kwamba ameliona neno lililo mbele yake. Akageuka kuutazama ule mgongo.

"Baba!"

Kaka hakugeuka haraka. Alijipangusa uso kwa mkono wenye grisi, akaacha mstari mweusi shavuni, kisha akaitika kama anayeitwa na mkubwa wake: "Naam, mama."

Nakusimulia haya kwa sababu juzi nilikuwa dukani Masasi, nikamwona mama kijana na mwanawe aliyekariri herufi kutoka kwenye simu: ei, bii, sii. Alizikariri vizuri sana. Mama akamwonyesha neno *ua* kwenye kanga iliyotundikwa, mtoto akasoma "yuuei". Wauzaji wakacheka. Nilitamani Mwalimu Agnesi awe hai.

Kwa hiyo, mwanangu, kabla hujampa mtoto jina la herufi, mpe sauti yake. Kiswahili kimetuhurumia: a ni a popote uikutapo, na ukishazijua sauti chache umeshashika mlango. Zitafute sauti hizo mahali mwanao anapoishi, kwenye kinu, kwenye ndoo inayojaa, kwenye Chimakonde cha bibi yake. Sikio lililozoea sauti nyingi halipotezi kitu. Kaa naye kidogo, muda wa kula embe moja, na akichoka mwache aende. Samaki mkunje angali mbichi, lakini mkunje kwa mkono wenye mafuta. Na akikosea, jiulize kwanza ulimfundisha nini. Kicheko chako kitapita kwako kama upepo, kwake kinaweza kufunga neno analolihitaji kuliko yote.

Mungu akujalie sikio refu na mkono mwepesi. Awape wanao ndimi zisizoogopa, na siku watakapokusomea neno lao la kwanza, wakukute umekaa karibu nao, ukilisikia.