Gari Lenye 786

Nilipokuwa mtoto pale Waa, nilimdhulumu binamu yangu Mwanaisha, na mpaka leo sijamwomba radhi.

Mama yake alikwenda Omani kufanya kazi za nyumbani, naye akaletwa kukaa nasi, mimi na Bibi. Wazazi wangu walikuwa wameshatangulia mbele ya haki, na kabla yake sikuwa na mwenzangu. Bibi alitufundisha kwamba 786 ni hesabu ya Bismillahi: mtoto akiiona kwenye kibao cha gari, ashike ukosi wa nguo yake, amtaje anayemtaka, na Ijumaa haitapita ila amemwona. Basi kila tukitoka madrasa tulikaa kando ya barabara ya Likoni, tukisoma magari.

Siku moja ikapita 785. Mwanaisha akaruka.

"Mama ameshafika ng'ambo ya Likoni! Amekosa feri tu."

"Feri gani hiyo ya mwaka mzima?"

"We nawe, nyamaza. Huna unayemngoja."

Neno hilo liliniuma kwa sababu lilikuwa kweli.

Wiki ile ile, Mwanaisha amejiinamia anatoa mwiba mguuni, pikapu nyeupe ikapita polepole. 786. Nikashika ukosi wangu, kisha nikauachia. Niliwaza: mama yake akija atamchukua, nami nitabaki na Bibi na kuku wake.

"Imepita ngapi?" akauliza.

"Mia mbili na kitu."

Mama yake hakuja. Simu nazo zikakoma. Mwaka ule haujaisha, jamaa za baba yake wakamchukua, wakampeleka Lungalunga. Nilikaa barabarani peke yangu, magari yakapita, sikusoma hata moja.

Sasa nafua mashuka katika hoteli moja ya Diani. Mgeni Mchina aliwahi kuniambia kwao watu huipigania nane kwenye vibao vya magari yao kwa bahati, na nne huikimbia kwa nuksi. Nilicheka naye, kisha nikaenda kulia nyuma ya mashuka yaliyoanikwa. Najua nambari haimleti mtu. Aletaye ni Mwenyezi Mungu, na kudhani vingine ni dhambi, astaghfirullahi. Lakini ningalisema kweli, Mwanaisha angalipata siku chache za kusukwa nywele na kufagia uwanja kwa furaha, akimngoja mama yake. Siku hizo nilimnyima mimi.

Wewe unayesoma, ukiwa na safari ya Lungalunga, niulizie Mwanaisha wa Waa. Mwambie pikapu ilipita na niliiona. Kisha muulize kama naweza kwenda kumtazama.