Springi ya Mama Kona

"Nani amekaza springi yangu? Nauliza kistaarabu!"

Hakukuwa na ustaarabu wowote. Mdogo wangu aliingia kwa kishindo kwenye banda letu la uwanja wa mbio, akazima pikipiki, akatupa glavu juu ya tairi la akiba. Kofia ngumu ilikuwa bado kichwani, kwa hiyo sauti ilitoka kama ya mtu anayegomba ndani ya pipa.

"Hakuna aliyeigusa," mumewe alijibu huku akipuliza chai.

"Basi imejikaza yenyewe? Kona ya tatu imenirusha kama mchele kwenye ungo. Mimi mchele?"

"Mchele una nafuu," alidakia kinyozi mmoja kwenye banda la jirani, aliyekuwa akibandika gundi ya karatasi juu ya taa ya pikipiki yake. "Mchele ukipepetwa haupigi kelele."

"Wewe kanyoe watu. Naongea na mume wangu."

"Springi sijaigusa tangu mwaka jana, Mama Kona," mumewe akasema. Pale uwanjani hata yeye alimwita hivyo, kwa jinsi alivyokuwa akilala kwenye kona hadi goti likasugua lami. "Unanisingizia mbele za watu."

Kinyozi akaanza kugonga spana kwenye ndoo. "Cheni! Cheni! Cheni!"

Hiyo ilikuwa sheria yao, haikuandikwa popote lakini hakuna aliyeikwepa: ukimsingizia fundi wako, na ikabainika umemsingizia, unaosha cheni ya pikipiki kwa mkono wako, pingili kwa pingili, kwa mafuta ya taa na mswaki mkuukuu. Ni kazi inayokuachia weusi kwenye kucha hadi watu wanakuuliza umeanza kuuza makaa.

"Nikiwa nimekosea naosha," mdogo wangu akasema. "Na ukiwa umekosea wewe?"

"Napiga magoti hapa hapa."

"Dada, umesikia? Wewe shahidi."

Nilisikia. Nilikuwa nimekaa juu ya kreti na chupa ya chai mapajani. Kazi yangu siku hizo ilikuwa kulinda chai na kumwambia kila aliyepita kwamba mimi siafiki mchezo huu.

Mdogo wangu alikuwa muuzaji katika duka la vifaa vya ujenzi. Alipima misumari, alikata kamba, na aliwaeleza mafundi kwamba bomba wanalolitaka silo wanalolihitaji. Pikipiki alijifunzia hapo hapo, akipelekea wateja mizigo, na wapo waliolalamika kwamba mzigo ulifika kabla hawajakata simu. Mumewe ni fundi wa majokofu, mkimya, mtu aliyezoea kusikiliza mashine kuliko binadamu. Ndiye aliyemnunulia pikipiki kubwa iliyokuwa imepata ajali, ikauzwa kwa bei ya chuma chakavu. Uani kulikuwa na wezi, basi wakaitengenezea sebuleni. Injini ilikaa juu ya meza, pale wenzao wanapoweka maua. Ukienda kuwatembelea unaambiwa karibu, kaa. Ukiuliza nikae wapi, unaonyeshwa tairi.

Mama yetu hakulala. "Wenzako umri huu wanapanda cheo, wewe unapanda pikipiki!"

"Mama, cheo hakina kona."

Uwanja wenyewe aliujenga tajiri mmoja kwa ajili ya magari ya mbio. Baadhi ya Jumamosi wanawafungulia watu wa kawaida: vinyozi, makarani, walimu, mtu yeyote mwenye pikipiki na kiingilio. Wanang'oa vioo vya pembeni, wanaziba taa kwa gundi ili ukianguka vipande visitapakae, mkaguzi anatikisa magurudumu, kisha wanazunguka. Hakuna kombe. Hakuna mshindi. Unalipa, unazunguka, unarudi pale pale ulipotoka. Niliwahi kumwuliza anatafuta nini humo.

"Dada, dukani kutwa nasema bei. Nyumbani nasema nimechoka. Kwenye kona sisemi kitu."

Nikafungua chupa, nikammiminia chai.

Sasa, springi ya nyuma hupimwa mwenye pikipiki akiwa ameketi juu yake na mavazi yote. Uzito wake unaishusha. Fundi anapima imeshuka kiasi gani, kisha anakaza au analegeza hadi imkae huyo, si mwingine. Ni sawa na nguo ya kupimisha. Shemeji alikuwa ametia alama kwenye futi yake ya kupimia kwa rangi ya kucha ya mkewe, nyekundu, pale mkewe alipotakiwa kufikia. Kwa rangi hiyo hiyo alichora mstari kwenye springi yenyewe, ukapita juu ya nati na kuingia kwenye chuma cha chini yake. Nati ikisogea hata kidogo, mstari unakatika.

"Panda tupime," alisema. Kinyozi akashika usukani. Mimi nikapewa tochi nimulike nyuma.

Mdogo wangu akaketi. Shemeji akavuta futi. Pikipiki haikushuka kama ilivyopaswa. Ulibaki upana wa kidole kufikia ile rangi. Nikasogeza tochi kwenye springi. Mstari mwekundu ulikuwa mzima, kama siku ulipochorwa.

Hakuna aliyekaza kitu.

Shemeji hakuutazama ule mstari. Alikuwa anatazama paja la mkewe, jinsi suti ya ngozi ilivyojikunja pale ilipokuwa imejaa zamani. Mwezi uliotangulia mdogo wangu aliniletea suti hiyo akisema ngozi imelegea kwa jasho, nami nikampunguzia kiuno kwa cherehani. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga. Nami nilikuwa nimekishonea ndani.

"Ehe?" mdogo wangu aliuliza kutoka juu. "Nimekosea?"

Shemeji akaiachia futi ikajirudisha yenyewe.

"Hukukosea. Niliikaza juzi. Nilisahau."

Mtu ambaye hajawahi kusahau hata nati moja! Akapiga magoti kwenye lami, mbele ya kinyozi na wote waliokuwa wamekuja kushangilia. "Nisamehe, mke wangu."

Vicheko, miluzi. "Nimekusamehe," mdogo wangu akasema, "lakini leo chai unanimiminia wewe, na sukari unakoroga."

Shemeji alikaa pale chini muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika. Kisha akachukua spana, akalegeza nati, na ule mstari mwekundu ukakatika mbele ya tochi yangu.

Mchana ule mdogo wangu aliendesha kama maji yanayojua njia. Kinyozi alirudi akavua kofia, akaniambia, "Nimeuona mgongo wake kona moja tu. Baada ya hapo nimeona lami." Mdogo wangu mwenyewe aliingia bandani akicheka, akamshika mumewe mashavu kwa glavu chafu. "Umeona? Ilikuwa springi!"

Wakati wa kupakia nilimvuta shemeji pembeni. Sikuwa na haja ya kuuliza.

"Nimempa mchana mmoja, shemeji," alisema. "Kesho nitamwambia."

Kesho ikazaa kesho nyingine. Mdomo wake haukufunguka wiki nzima. Dukani mdogo wangu alipanda kwenye mizani ya misumari kwa mzaha, wenzake wakicheka, ikasoma kilo pungufu kuliko alizozijua, naye akaanza kuilaumu mizani. Akaweka jiwe la kupimia. Mizani haikuwa na kosa. Alirudi nyumbani, akachuchumaa sebuleni kwenye springi, na mumewe aliporudi kutoka kazini akamkuta hapo.

"Njoo hapa. Ungekuwa uliikaza, halafu ukailegeza, mstari ungerudi mahali pake. Si ndiyo?"

"Ndiyo."

"Mbona haujarudi?"

Alinihadithia mwenyewe kwamba mumewe alikaa chini sakafuni, akiwa bado na mfuko wa spana begani, akalia kama jokofu linalozimika, anatetemeka kwanza ndipo ananyamaza.

Hospitali walikuta uvimbe nyuma ya tumbo, mahali ambapo daktari alisema hapakatiki. Aliwaeleza vizuri, taratibu, na mdogo wangu akamsikiliza kama anavyomsikiliza mteja. Kisha akauliza swali moja: kama ataweza kuendesha. Daktari akasema hapana.

Uwanjani hakurudi. Ila kila alipopata nguvu alisema, "Nipandishe, unipime." Shemeji alimketisha juu ya pikipiki pale sebuleni, kwa kanga na soksi, mimi nikishika usukani, naye anavuta futi na kulegeza nati hadi ile alama ifike. Pikipiki haikuwa inakwenda popote. Lakini alitaka imkae yeye. Na kila mara nati ilirudi nyuma zaidi, mpaka siku moja uzi wa kuzungushia nati ukaisha.

"Imefika mwisho," shemeji alisema.

"Springi au mimi?"

Tukacheka sote watatu. Mungu anisamehe, tulicheka sana.

Tulimzika kabla uwanja haujafunguliwa msimu uliofuata. Lakini cheni aliilipa kwanza.

Ilikuwa Jumapili asubuhi. Aliniambia nimletee kigoda, mto wa kuegemea, mafuta ya taa kwenye bakuli na mswaki. Shemeji akatoka jikoni akakuta gurudumu la nyuma limeinuliwa kwenye stendi, mkewe amekunja mikono ya gauni.

"Nini hiki?"

"Nilikusingizia mbele za watu. Naosha."

"Deni hilo nimekusamehe zamani."

"Sikukuomba msamaha. Zungusha gurudumu."

Akazungusha. Mdogo wangu akasugua pingili, akapumzika, akasugua. Mkono wake ulikuwa mwembamba hata mswaki ulionekana mzito. Nilitaka kumpokea, akanitazama jicho la dukani, nikarudi kukaa kwenye tairi langu. Ilichukua asubuhi yote. Cheni ilipong'aa, shemeji akapitisha kitambaa cheupe juu yake, akakitazama.

"Hapa bado."

"Wapi?"

"Hapa. Pana grisi."

Akasugua tena. Kitambaa kikapita tena.

"Na huku bado kidogo."

Mimi kitambaa nilikuwa nakiona kutoka pale nilipokaa. Kilikuwa cheupe. Mara ya tatu shemeji akasema bado, akaligeuza gurudumu polepole kabisa, kama mtu anayehofia litamaliza mzunguko.

"Fundi," mdogo wangu akasema. "Nipe hicho kitambaa."

Hakumpa.

"Kesho tutaangalia vizuri, kwenye mwanga," alisema. "Leo umechoka."

"Kesho zako nazijua. Sema leo."

Shemeji akaweka kiganja juu ya tairi, gurudumu likasimama. Alitazama cheni, si mkewe.

"Imetakata," akasema. "Hatudaiani."

Mdogo wangu akauchukua mkono wake ule uliokuwa na kitambaa, akafutia hapo vidole vyake vyeusi, kimoja baada ya kingine.