Moto wa Pili wa Lukmani

Jumanne, tarehe 14 Septemba 1954. Ukungu ulifunika kijiji cha Makote, juu mlimani, hadi saa tatu, kisha jua likawaka bila upepo.

Siku hiyo Nikolao, mchonga vinyago wa Chiwata, alipanda mlima hadi kwa Lukmani mhunzi akiwa na tezo lake la kuchongea, limevunjika. Lilikuwa la pili ndani ya mwezi mmoja.

"Shikamoo, Mzee Lukmani."

"Marahaba. Mbona umenuna kama kinyago chako?"

"Kinyago changu kina meno, mzee. Tezo lako halina." Akaviweka vipande juu ya fuawe, chuma cha kufulia. "Mpingo haudanganyiki. La tatu likivunjika nanunua la dukani Masasi, na wachongaji wenzangu nitawaambia."

Wachongaji ndio wateja waliobaki. Majembe watu walikwisha kuyafuata madukani. Wachongaji nao wakiondoka, fuawe aliyoachiwa na baba yake ingebaki ya kutuliwa na kuku. Hata hivyo Lukmani hakubabaika. Aliinua kipande kwenye mwanga, na hapo palipovunjika akaona uzi mweusi, mwembamba kama unywele.

"Mavi ya chuma," akasema. "Yamebaki ndani. Kosa ni langu."

Bado alifua yale madonge ya chuma yaliyoyeyushwa na wajomba zake zamani. Baba yake alimfunza kwamba moto wa kwanza hukitoa chuma mwambani, na wa pili hukitoa uchafu tumboni. Huo wa pili huwashwa katika tanuri la udongo lenye kimo cha goti: donge huchomwa likatoa jasho, likanyunyiziwa mchanga, likapigwa nyundo mpaka taka zichuruzike. Lakini mwaka huo watu walipogoa mikorosho yao, na Lukmani akachoma makaa ya matawi hayo kwa kuwa yalikuwa karibu. Yalirusha cheche nyingi, joto haba.

"Si nilikuambia makaa ya mkorosho hayafai, Baba Pili?" mkewe Bimdogo alidakia, akikaza ngozi ya mivukuto ya kupulizia moto. "Ukanijibu moto ni moto."

"Uliniambia. Nicheke, lakini siku ikifika uvukute." Akamgeukia Nikolao. "Mabaki ya mpingo wako unayapeleka wapi?"

"Mama anapikia mboga."

"Basi safari hii yapike chuma. Yachome makaa, uniletee."

Ijumaa baada ya sala, Nikolao alirudi na gunia kichwani. Bimdogo akavukuta. Moto ukawa mweupe, umetulia. Donge likatoa jasho, na kila pigo likarusha taka nyeusi. Lukmani akakunja chuma, akakirudisha motoni, akakikunja tena, hadi nyundo ikaacha kugugumia ikalia sauti safi. Akalifua tezo, akalizika ndani ya makaa likomae liwe gumu, na jua lilipoinama akalitumbukiza kwenye chungu cha maji.

"Maji hayo nimeyabeba kichwani kutoka bondeni," Bimdogo akaonya. "Likimwagika tone, utalifuata mwenyewe."

Nikolao alitia mpini, akakishambulia kipande cha mpingo. Alipiga mara thelathini. Kisha akapitisha kidole gumba kwenye makali, akatazama, akapitisha tena.

"Nitengenezee na la mdogo wangu," akasema.

Kesho yake asubuhi Lukmani alimwaga makaa yote ya mkorosho jikoni kwa Bimdogo, akakunja magunia matatu matupu, akayatia kwapani, akateremka Chiwata kufuata mabaki ya mpingo.