Saba Mara Nane Shambani kwa Mwalimu

Darasa letu la nne, karibu na Sironga, ungelisikia kabla ya kuliona. Sauti za watoto zilipanda pamoja, saba mara moja saba, saba mara mbili kumi na nne, na fimbo ya mwalimu ikigonga meza kufuata mdundo. Wapita njia walidhani tunasoma hesabu. Tulikuwa tunaimba tu, na mwalimu wetu, mwanamume wa tai fupi na majivuno mengi, hakujua tofauti wala hakutaka kuijua. Aliyekosea wimbo alipelekwa kupalilia shamba lake la chai lililopakana na shule. Kukosea kwetu kulimfaa kweli.

Nilikosea mara nyingi hadi nikalijua shamba lile kuliko mkewe. Muhula wa mwisho niliogopa, maana mama alikuwa ameshasema nikirudia darasa nitabaki nyumbani kumbeba mdogo wangu. Siku moja, nikimwagilia miche ya chai, niliona imepangwa safu saba, kila safu miche minane. Nikazunguka upande wa pili: safu nane, kila moja miche saba. Miche ni ile ile! Nilicheka peke yangu pale kwenye tope. Kesho yake mwalimu akaniuliza nane mara saba, nami nikajibu papo hapo: hamsini na sita, kwa sababu ni sawa na saba mara nane.

"Wewe Moraa, wimbo wa saba ni wa saba, wa nane ni wa nane. Usiniletee ujuaji," akasema, akanirudisha shambani.

Siku ya mtihani wa kukariri niliimba kama wenzangu. Kwa woga ulimi ukateleza, nikasema saba mara nane hamsini na nane. Nikafumba macho kungoja kiboko. Fimbo ikaendelea kugonga meza, na nilipomaliza akasema, "Vizuri sana. Umepita." Nilifurahi kuponea hapo, lakini tangu siku hiyo nilimdharau, na ninamdharau hadi leo.

Sasa nami nafundisha hesabu, na wanafunzi wangu hupanga maharagwe kwa safu kabla ya kukariri chochote. Majuzi nilikutana naye sokoni Mosocho, amezeeka, tai bado fupi. Akawaambia wauza ndizi, "Mnamwona mwalimu huyu? Mimi ndiye niliyemfundisha hesabu."

"Ndiyo, Mwalimu," nikamjibu. "Nikipalilia shamba lako."

Akaitikia kwa kichwa, kama zamani. "Vizuri sana," akasema.